Tukiunganisha orodha yetu na za wengine, isumbi itabaki isumbi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninatunza mkusanyiko wa kituo kidogo cha utamaduni upande wa Magu, karibu na ziwa. Tuna vitu 412: ngoma, viti, vibuyu, majembe, mikuki, shanga na picha chache za zamani. Orodha iko kwenye Excel, kolamu tisa, na nyuma yake kuna daftari la mapokezi la kuandikwa kwa mkono tangu 1987. Mtafiti mmoja alitutembelea akasema orodha yetu inaweza kuunganishwa na nyaraka za chuo kikuu chao na makumbusho moja ya Ujerumani yenye vitu vya Usukuma, ila lazima tutumie 'ontolojia ya pamoja'. Alituachia jedwali la Kiingereza tulijaze. Kolamu zake hazifanani na zetu, na isumbi ya ntemi, kiti cha mtawala wetu wa jadi, inatakiwa iandikwe kwa neno la Kiingereza linalomaanisha kigoda chochote tu. Kijana mmoja wa kompyuta mjini anataka milioni nane atutengenezee mfumo. Wazee wawili wa kamati wanasema tukishaunganisha tu, vitu vyetu vimekwenda. Intaneti yetu ni ya simu, na umeme unajulikana. Nifanye nini?"

Mwangaluka, ndugu yangu. Nianze na ile milioni nane, kwa kuwa ndiyo yenye haraka: usilipe kwa sasa. Huyo kijana huenda ni fundi mzuri, lakini anataka kukujengea kabati kabla hujajua utaweka nini ndani. Lile jedwali la mtafiti nalo liache kwanza. Halina kosa, limekuja mapema tu, tena bila maelezo, na hapo ndipo wazee walipopata hofu.

Barua yako ina mafundo matatu, na ukivuta moja mengine yanakaza: maneno yenu ya Kisukuma, umiliki wa vitu, na mfumo wa kompyuta. Ontolojia inayagusa sana mawili ya kwanza. La tatu hailigusi karibu kabisa, ingawa watu wengi hudhani ndilo lenyewe.

Neno linatisha kuliko kazi yake. Ontolojia si programu. Huisakinishi, haina nywila, wala hakuna duka linaloiuza. Ni makubaliano yaliyoandikwa. Watu wa fani moja wamekaa wakaulizana: katika kazi yetu kuna mambo ya aina gani, na yanaweza kuhusianaje? Wakaandika majibu kwa mpangilio ambao hata kompyuta inaweza kuufuata. Kwa makumbusho, makubaliano yanayojulikana zaidi yanaitwa CIDOC CRM. Yalitayarishwa chini ya kamati ya nyaraka ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, yakawa kiwango cha ISO namba 21127 mwaka 2006, na toleo jipya la kiwango hicho likatoka 2023. Ndani yake kuna aina za mambo kama 80 na mahusiano kama 160. Usishtuke. Kwa vitu 412 hutahitaji hata aina kumi na tano. Zilizobaki ni za watu wenye shida nyingine.

Ukishuka Mwaloni Kirumba alfajiri dagaa wanapopimwa, utamkuta mmoja ana sado, mwingine ana debe, mwingine anauza kwa gunia. Hakuna anayeambiwa atupe kopo lake. Wanauziana kwa sababu wote wanajua sado ngapi zinajaza debe. Kuoanisha orodha ni kazi ya namna hiyo. Mfano wangu una ufa, lakini: sado na debe vinapima dagaa walewale, wakati kolamu mbili zenye jina moja mara nyingi hazipimi kitu kimoja. Na hapo ndipo kazi nyingi za kuunganisha zinapoharibikia.

Watu hudhani kuunganisha ni kutafuta kolamu zinazofanana majina, "Mahali" yenu na "Mahali" yao, kisha kuchora mstari kati yake. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilioanisha orodha ya mkusanyiko mmoja, nikaichukua kolamu ya "Asili" nikaitangaza kuwa ni mahali pa kutengenezwa. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Wiki mbili baadaye mama aliyekuwa akisafisha vitu hivyo akatazama ramani yangu kwenye skrini, akacheka. Vinu na mizinga ya nyuki zaidi ya sitini vilionekana vimechongwa sokoni, katikati ya mji. Mwandishi wa zamani alikuwa akiandika "asili" kwa maana ya pale aliponunua. Nikafuta kazi yote, nikaanza upya na yule mama kiti cha pembeni.

Sasa tuchukue mstari mmoja wa daftari lako, ule uliopiga picha ukanitumia:

Na. 87/14. Isumbi. Mti. Nassa. 1954. Mtoaji: ukoo wa ntemi. Mguu mmoja umepasuka. Hutoka kwa sherehe.

Mstari mzuri, mfupi, una mengi. Ila uulize. Nassa ndipo isumbi ilipochongwa, ndipo ilipokaliwa, au ndipo ilipotoka siku mlipoipokea? Na 1954 ni mwaka wa nini? Wa kupokelewa hauwezi kuwa, maana daftari limeanza 1987 na namba yenyewe inasema iliingia mwaka huo. Basi ni mwaka wa kuchongwa, au wa ntemi fulani kusimikwa, au ni mwaka ambao mtu fulani alikumbuka kuiona. Tena "mtoaji": ukoo uliitoa jumla, au uliwaachia muitunze? Yale maneno ya mwisho, "hutoka kwa sherehe", yananifanya nishuku la pili.

CIDOC CRM inaufumbua utata huu kwa ujanja mmoja, na ukishauelewa huo umeelewa karibu yote: habari nyingi hazitundikwi kwenye kitu, zinatundikwa kwenye tukio. Kitu chenyewe kinabaki na machache, yaani namba, jina, mti, vipimo, mguu uliopasuka. Yaliyosalia ni mambo yaliyokipata. Kilichongwa: tukio hilo, lina mchongaji wake, mahali pake na wakati wake. Kilikaliwa siku ya kusimikwa ntemi: tukio jingine, watu wengine, pengine mahali pengine. Kililetwa kituoni 1987: la tatu. Kila tukio lina vigingi vya nani, wapi na lini, na kigingi msichokijua kinaachwa wazi. Hamjui ilichongwa wapi? Pakae patupu. Nassa na 1954 mtavitundika kwenye lile tukio ambalo mzee wa ukoo atawathibitishia.

Ona sasa namna orodha tatu zinavyokutana. Makumbusho ya Ujerumani yana kumbukumbu inayozungumzia zaidi ukusanyaji: afisa fulani, "Muansa", mwaka fulani. Chuo kikuu kina picha, na kumbukumbu yao inazungumzia upigaji wa picha. Nyinyi mna isumbi. Vitu vitatu visivyofanana kabisa, na hakuna kolamu inayoweza kuvioanisha. Lakini viandikwe kwa sentensi fupifupi: isumbi 87/14 ilitumika katika kusimikwa kwa ntemi, kusimikwa huko kulifanyika Nassa, picha ya chuoni inaonyesha kusimikwa huko. Hakuna aliyeandika popote kwamba picha ile inahusu isumbi yenu, ila njia ipo, na kompyuta inaitembea. Vitu vinajuana kwa kupitia tukio, kama abiria waliokuwa wakikutana kwenye kivuko cha Kigongo kabla ya daraja.

Hapo hapo nikuonye. Mtafiti akikuonyesha kiti kwenye picha akasema "ndicho hiki", usikubali kwa sababu tu vinafanana. Kuna kusema kwamba vitu viwili ni vya aina moja, na kuna kusema kwamba ni kitu kilekile. La kwanza halina gharama. La pili, likishaandikwa kwenye kanzidata zilizounganishwa, kila habari ya kimoja inamwagikia cha pili: mwaka, mmiliki, jina la ntemi. Tazama ule mguu uliopasuka. Kama kwenye picha ufa upo, kwa mwelekeo uleule, hapo mna la kuzungumza.

Kolamu ya mahali ndiyo itakayokula muda wako mwingi, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Nassa ilikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, daftari lenu lilipoanza. Tangu 2012 iko Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Mwaka huohuo Geita nayo ikawa mkoa. Kwa hiyo orodha mbili, zote zikisema kweli, zinaweza kuonekana zinapingana kuhusu kijiji kimoja. Nyaraka za Wajerumani zinaandika Muansa, na Wasukuma wanawaandika Wassukuma kwa s mbili. Ziwa lenyewe lina jina la Victoria alilolipa Mwingereza Speke 1858, na lina Nalubaale kwa Waganda na Nam Lolwe kwa Wajaluo, na kumbukumbu ya upande wa Kampala au Kisumu inaweza kutumia lolote. Dawa yake ni kutenganisha mahali na jina la mahali. Mahali ni pamoja, majina ni mengi, na kila jina lina mtu aliyelitumia na kipindi chake. Usifute "Mwanza" ya zamani ukaandika "Simiyu". Acha ilivyoandikwa, ongeza kolamu ya pili yenye mahali palipotambuliwa leo.

Kuna mtego mwingine ambao mgeni hauoni, wewe utauona. Sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Nimewahi kukuta kadi za zamani ambamo "Dakama" imeandikwa kwenye nafasi ya kabila, na nyingine kwenye nafasi ya kijiji. Aliyeulizwa kitu kimetoka wapi alijibu upande, kwa kunyoosha mkono, na mwandishi akaandika jina. Kadi za namna hiyo huwezi kuzioanisha na kijiji chochote. Andika kwamba ni mwelekeo, na ujiulize aliyesema alikuwa amesimama wapi.

Tarehe ni rahisi zaidi. Mkiwa na "enzi za ntemi fulani" au "zamani za Mjerumani", msilazimishe mwaka mmoja. Ontolojia hii inakubali mipaka miwili, si kabla ya na si baada ya. Wajerumani walishika Mwanza miaka ya 1890, Waingereza wakaichukua Julai 1916. Utemi wenyewe ulifutwa kisheria 1963. Mipaka hiyo inatosha kupanga vitu vingi bila kudanganya.

Tuje kwenye maneno, yaliyokuuma zaidi. Hapa mtafiti wako amechanganya vitu viwili, au ameshindwa kuvieleza. Ontolojia inasema tu kwamba kuna kitu kilichotengenezwa na binadamu, na kwamba kitu hicho kina aina. Haisemi aina hiyo iitwe nani. Majina ya aina yanatoka kwenye msamiati, na msamiati ni mali ya anayeutunza. Upo ule wa taasisi ya Getty ya Marekani, wa sanaa na usanifu, unaotumiwa na makumbusho mengi duniani, na nyinyi mnaweza kuwa na wenu wenye maneno sitini ya Kisukuma. Kiwango kinachoitwa SKOS, cha 2009, kimetengenezwa kwa ajili ya kuunganisha misamiati, na kinawapa kauli za kuchagua: neno langu ni sawasawa na lako, linakaribiana na lako, ni jembamba kuliko lako, ni pana kuliko lako. Isumbi ya kitemi kwenu ni jembamba kuliko kigoda chao. Andikeni hivyo. Mjerumani akitafuta vigoda ataiona isumbi yenu, na atakuta bado inaitwa isumbi, na maelezo ya nani huikalia na nani haruhusiwi. Digital Benin, mradi uliofunguliwa 2022 ukakusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 5,000 vya Benin ya Nigeria kutoka taasisi 131 za nchi 20, umeyapa majina ya Kiedo katalogi yake yenyewe. Hakuna aliyewaambia wayaache.

Hata wanaakiolojia hufika hapo kwenye shida. Ule ufinyanzi wa kale unaopatikana kuzunguka ziwa hili, wenye vibonyeo kitakoni, kwenye taarifa za mwanzo uliitwa kwa jina la hivyo vibonyeo, baadaye ukaitwa Urewe, kwa mahali ulipotambuliwa kule Siaya, Kenya. Ukitafuta jina moja kwenye kanzidata unapoteza nusu ya vigae. Vyungu havijabadilika, wamebadilika waitaji.

Sasa ngoma. Kwenye orodha yako kuna mistari 31 inayoanza na neno "Ngoma", na naapa sijui mingapi kati yake ni ngoma. "Ngoma ya Bagalu" ni kile kitu cha mti na ngozi? Ni uchezaji wao? Au ni Bagalu wenyewe, kile chama chenye ushindani na Bagika mpaka leo wakikutana kwenye tamasha la Bulabo kule makumbusho ya Bujora mwezi Juni? Sisi tukizungumza tunaelewana, neno moja linatutosha. Kompyuta haiwezi, na mtu wa Berlin pia hawezi. Hii ndiyo kazi ambayo ontolojia inakulazimisha kuifanya na utaishukuru: kitu kiwe kitu, chama kiwe kundi la watu, uchezaji uwe tukio, kisha viunganishwe. Mstari wako wa 203, "Ngoma, kanda", nadhani ni kaseti. Nilivyoona hivyo nilicheka peke yangu. (Na kule Bujora kuna banda la ngoma za kitemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha ntemi. Siku mtu akiliorodhesha, sijui atalianzia wapi.)

Wazee wako wawili wasichukuliwe kama watu wasiojua teknolojia. Nusu ya hofu yao ina haki.

Ile nusu isiyo na haki ni kudhani kuunganisha ni kukabidhi. Kinachohitajika ili orodha zijuane ni kila kitu kiwe na utambulisho usiobadilika, na sentensi chache mlizochagua kuzitoa nje. Faili lenu linabaki kwenu. Kati ya vitu 412 mnaweza kutoa 150, na kwa kila kimoja mkatoa jina, aina na mahali tu.

Nusu yenye haki ni hii: kolamu yenu ya "Mtoaji" inaweza kuwanyang'anya watu mali yao bila mtu yeyote kukusudia. CIDOC CRM inatenganisha kuhama kwa umiliki na kuhama kwa utunzaji, kila kimoja ni tukio lake. Isumbi ya 87/14 kama ni ya ukoo na nyinyi mnaitunza, basi kuna tukio la kukabidhiwa utunzaji 1987, na hakuna tukio la kuhama umiliki. Kila inapotoka kwa sherehe utunzaji unarudi kwa ukoo, ikirudi kabatini unarudi kwenu, na haya yote yanaandikika. Ukiijaza kwenye jedwali la kawaida lenye nafasi moja ya "Mmiliki", utaandika jina la kituo kwa mazoea, jina hilo litanakiliwa kwenye kanzidata tatu, na miaka ishirini baadaye mjukuu wa ntemi ataambiwa alete ushahidi. Hilo ndilo wazee wanalolinusa, ingawa wamelisema kwa maneno mengine.

Utengano huohuo unasaidia upande wa pili. Kitu kilichoko Ulaya kina watunzaji wake wanaojulikana. Kama umiliki ulihama kihalali ni swali lingine, na makumbusho yakisema "zawadi" na ukoo ukisema "kiliporwa", ontolojia ina njia ya kuandika kauli zote mbili, kila moja na jina la aliyeitoa. Haihukumu. Lakini hailazimishi kauli moja ifute nyingine, na orodha ya kawaida yenye kisanduku kimoja huwa inafuta.

Kuhusu siri sitakuwa na maneno mengi: vitu vya tiba, vya matambiko na vya makaburini visitoke nje ya ofisi mpaka wenyewe wakae na waseme. Upo mpango unaoitwa Local Contexts unaotoa lebo za maarifa ya jadi, za kuonyesha kwamba kitu fulani kina masharti ya jamii yake. Lebo hizo ni nzuri, ila ni ilani tu, hazifungi mlango. Majina na picha za watu walio hai ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na jihadhari na Wikidata, ile hazina ya data ya wazi ya mtandaoni. Naipenda, inapokea majina ya Kiswahili, na ni mahali pazuri pa kupata utambulisho wa Nassa au wa ziwa. Lakini ukishaweka habari zako kule umeziachia dunia nzima bila masharti, huwezi kuzirudisha. Chota utambulisho kwao. Yenu msiyaweke haraka.

Hivi ndivyo ningefanya ningekuwa kwenye kiti chako. Nakili faili la Excel, asili yake ifungiwe kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya kituo. Kabla ya yote geuza kolamu ya namba iwe maandishi, kwa sababu Excel ina tabia ya kuchukua namba kama 03/5 na kuifanya tarehe bila kuomba ruhusa. Nimeona mkusanyiko uliopoteza namba za mwaka mzima hivyo. Namba zenyewe usizibadilishe, zimeandikwa kwenye vitu. Zitakapohitajika kwenye anwani ya intaneti, ile mistari ya mkato iwe vistari vya kawaida, 87-14, maana mkato una kazi nyingine kule. Kisha chagua vitu 40, vya aina mbalimbali, na ukae na daftari na mzee mmoja mnayeelewana. Kwa kila kitu uliza: kilitengenezwa, kilitumika, kilikujaje, ni cha nani. Fungua jedwali la pili la matukio, kila tukio na mstari wake na namba ya kitu kinachohusika. Ni Excel ileile, majedwali mawili badala ya moja. Umeme ukikatika, mtaendelea kwa kalamu.

Kwa kusafisha tahajia kuna programu ya OpenRefine, ya bure, inayofanya kazi kwenye laptopu bila intaneti. Inakusanya Nasa, Nassa na NASSA kwenye kapu moja na kukuuliza kama ni mahali pamoja. Isome kabla ya kubofya ndiyo, kwa sababu ina bidii kupita kiasi.

Mfumo wa kuonyesha mtandaoni uje baada ya hapo, kama utahitajika. Omeka S ni ya bure na inaelewa data za kuunganishwa, lakini inahitaji seva na mtu wa kuifanyia masasisho kila mara. Bila mtu huyo itadukuliwa au itakufa. Arches, ya taasisi ya uhifadhi ya Getty na World Monuments Fund, ni ya bure vilevile na ina nguvu sana, ila imelengwa zaidi maeneo ya urithi na ni mzigo mzito kwa kituo cha watu wawili. Kwa ukubwa wenu, mkiulizwa na chuo au na Wajerumani, majedwali mawili safi ya CSV (faili za maandishi matupu ambazo hata Excel huzihifadhi) na ukurasa mmoja wa kueleza kila kolamu ina maana gani ni zawadi kubwa kuliko tovuti. Kuyageuza yawe CIDOC CRM ni kazi ya mtafiti, yeye ndiye mwenye muda, ruzuku na kompyuta. Mwambie hivyo kwa upole. Mwambie pia kwamba kila uoanishaji atakaoufanya aulete muusome kwa Kiswahili kabla haujatoka. Na yule kijana wa mjini bado anaweza kupata kazi: kuwapangia nakala rudufu na kuwafundisha watu wawili. Haitafika milioni nane.

Mambo matatu usiyafanye kwa barua wala kwa simu. Mkiletewa mkataba wowote wa kutia saini kuhusu data au picha, mtafute mwanasheria ausome mkiwa mezani, hata kama aliyeuleta ni rafiki. Mkigundua kwenye mkusanyiko kuna mabaki ya binadamu, au vitu vilivyochimbwa ardhini, simamisheni uorodheshaji wa hivyo na muende Idara ya Mambo ya Kale, kwa sababu sheria ya 1964 inavigusa vilivyochimbwa, na mabaki ya watu yana wenyewe. Na umiliki wa isumbi ile msiumalize kwa kujaza kisanduku. Nendeni Nassa, mkiwa na daftari, mkae na ukoo.

Ukimaliza vitu 40 nitumie jedwali la matukio peke yake, bila picha. Nianzie na zile ngoma 31.